Waifai Haipigi Hodi

Leo naweka kando mambo ya kuandika programu, maana kuna swali ninaloulizwa hapa Diani na Ukunda kila ninapoonekana na kompyuta mkononi: "Watu nisiowajua wanatumia waifai yangu, nifanyeje?" Anayeuliza huwa ameshajijibu. Wengi wanataka niwafungie wote. Wengine wanataka niwafanyie kisa, wakome. Wapo na wachache wanaosema waache tu, intaneti haipungui. Mimi simo katika makundi hayo yote matatu.

Kwanza tuelewane kuhusu mawimbi. Ruta ya nyumbani haijui mpaka wa kiwanja chako. Ukiiweka sebuleni karibu na dirisha, mawimbi yanatoka, yanavuka ua wa makuti, yanamkuta kijana wa boda stejini akisubiri abiria. Simu yake inamwonyesha jina la mtandao lisilo na alama ya kufuli, anabonyeza, ameingia. Hakuruka ukuta wala hakuvunja mlango. Kwake ni kama embe lililoanguka njiani. Kwa hiyo tusianze kwa kumwita mwizi.

Hata sheria haimwiti hivyo kwa urahisi. Sheria ya Kenya kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni, ya mwaka 2018, katika kifungu cha 14, imeweka faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili, kwa anayeingia katika mfumo wa mwenzake bila idhini. Ukisikia hivyo unafurahi. Lakini kisome tena polepole: kinamzungumzia mtu aliyekiuka hatua za usalama huku akijua hana idhini. Sasa mtandao usio na nenosiri una hatua gani ya usalama ya kukiukwa? Mimi si wakili, lakini nisingependa kuwa wewe siku ya kumweleza hakimu jambo hilo.

Geuza upande wa pili. Vifaa vyote vilivyo nyuma ya ruta yako vinatoka nje kwa anwani moja ya IP, na katika vitabu vya kampuni ya intaneti akaunti ile ina jina lako. Kijana wa stejini hayumo humo. Akimtapeli mtu wa Kisumu kupitia waifai yako, wapelelezi wanaweza kuomba amri ya mahakama ili kampuni itoe taarifa za mteja, na mteja ni wewe. Pengine utajitetea na utaachiliwa, lakini simu na kompyuta zako zitakuwa zimeshachukuliwa kuchunguzwa. Ndiyo maana nasema hoja ya "haipungui" haina maana. Intaneti ikipungua utanunua kifurushi kikubwa zaidi. Jina likichafuka hutalipata dukani.

Wajerumani, ambao sisi wa Diani tumewazoea ufukweni miaka nenda miaka rudi, walilifikisha jambo hili hadi mahakama yao ya juu ya shirikisho, Bundesgerichtshof. Tarehe 12 Mei 2010 iliamua kesi ya mtu ambaye wimbo ulisambazwa kupitia waifai ya nyumbani kwake wakati yeye mwenyewe yuko likizo. Mahakama ilikataa kumtoza fidia, ila ikasema mwenye waifai ana wajibu wa kuilinda kwa nenosiri lake mwenyewe, na asipofanya hivyo anaweza kudaiwa gharama za barua ya onyo. Sheria yao ilibadilishwa mwaka 2017 kuwapunguzia wenye waifai mzigo huo. Miaka 7 ya wanasheria kubishana! Hapa kwetu sitaki mtu ninayemjua awe ndiye kesi ya mfano.

Ninayemjua ni mwalimu mmoja mstaafu wa Ukunda. Aliniita kwa sababu intaneti yake ilikuwa ikilala kila jioni kuanzia magharibi. Ana vyumba viwili anavyopangisha wageni, na mtandao aliuacha wazi kwa kuwa wageni walimchosha kwa kuulizia nenosiri. Nikafungua ruta: vifaa 19. Nyumbani mna simu nne na televisheni moja. Tukatoka nje pamoja, tukawakuta chini ya mwembe, nuru za simu usoni. Mwalimu akaanza kunitajia mmoja mmoja. Huyu ni mjukuu wa fulani, anajaza maombi ya chuo kwenye tovuti ya KUCCPS. Yule ndiye anayeniletea madumu ya maji. Wale wawili niliwafundisha darasa la tano. "Sasa mwanangu, hawa niwafukuze vipi?" Halafu akanyamaza kidogo. "Lakini yule wa pikipiki nyekundu simjui."

Hilo ndilo tatizo lenyewe, na alilitambua haraka kuliko wataalamu wengi. Kati ya watu wote wale, aliyehitaji kufikiriwa ni yule mmoja asiyejulikana. Pwani hatuingii kwa mtu bila hodi. Hodi haimzuii mgeni, inamfanya ajulikane. Waifai iliyo wazi imeondoa hodi, na nenosiri ndilo linaloirudisha.

Najua kuna wasomi wanaonipinga. Bruce Schneier, bingwa wa usalama wa kompyuta, aliandika Januari 2008 kwamba waifai ya nyumbani kwake ameiacha wazi kwa makusudi, na akafananisha ukarimu huo na kumpa mgeni chai. Namheshimu sana. Lakini chai, hata huko kwao nadhani, hupewa mtu aliyebisha hodi akaketi. Sijaona nyumba inayoacha birika barabarani.

Kuhusu kuwafanyia kisa: mwaka 2006 kuna Mwingereza aliyeipanga seva yake igeuze picha zote juu chini kwa kila jirani aliyedandia waifai yake. Nilicheka nilipoisoma, nakiri. Leo haifanyi kazi, kwa sababu tovuti nyingi zinatumia HTTPS na ruta yako haioni kilichomo ndani. Na ukijaribu kunasa mawasiliano ya watu, sheria ile ile ya 2018 ina kifungu kuhusu hilo, na safari hii mshtakiwa utakuwa wewe.

Sasa tulichofanya kwa mwalimu, ambacho hata wewe unakiweza jioni moja. Mtandao wa nyumbani tuliupa nenosiri refu la WPA2 (ruta yako ikiwa na WPA3, chagua hiyo). Tukazima WPS, ile ya kuunganisha kwa kitufe au PIN, maana udhaifu wa PIN yake unajulikana tangu 2011. Tukabadilisha pia nenosiri la kuingilia kwenye ruta yenyewe. Watu husahau hili. Kisha tukawasha mtandao wa wageni, uliotengwa na vifaa vya nyumbani, wenye kasi ndogo na nenosiri lake, ambalo hubadilishwa kila mwezi ukiandama. Usihangaike kuzuia simu kwa namba zao za MAC. Tangu Android 10 ya 2019 na iOS 14 ya 2020, simu hujibunia namba hizo, utakuwa unafukuza kivuli.

Mwalimu ana daftari. Anayetaka nenosiri anakuja mlangoni, anaamkia, anaandika jina na namba ya simu. Daftari hilo halizuii uhalifu wala halimkingi mwalimu kwa kila kitu, lakini wapelelezi wakibisha atakuwa na la kuwaonyesha. Wanaojaza maombi ya chuo walikuja siku ile ile. Wa madumu ya maji alikuja na embe. Kuwatoza hata shilingi 10 nilimkataza mpaka asome mkataba wake wa intaneti, kwani kuuza tena ni habari nyingine, yenye leseni zake.

Wa pikipiki nyekundu bado hajaonekana mlangoni. Jioni anapita, anapunguza mwendo penye mwembe, anatazama simu, anaondoka.