Kopo la Maziwa Lisomwe Kwanza

Chakula cha mtoto mpaka atimize miezi 6 ni ziwa la mama. Lakini wako wasioweza kulipata, kama yatima, nao hupewa maziwa ya kopo. Wengi wetu tunadhani unga uliofungwa kiwandani hauna vijidudu. Sivyo. Unga huo unaweza kuwa na vijidudu vinavyoua mtoto mchanga, na maji ya uvuguvugu hayaviui. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba maji ya kuchanganyia yasipungue nyuzijoto 70. Basi yakishachemka, yatumie kabla ya nusu saa kupita. Kisha poza chupa kwenye maji baridi ndipo mtoto anywe. Yaliyokaa zaidi ya saa mbili yamwagwe. Najua inauma, kopo ni ghali. Wengine huongeza maji ili unga ufike mwisho wa mwezi. Mtoto hushiba maji, akakonda. Kijiko kilichomo ndani ya kopo ndicho kipimo. Mimi naona aliyehitimu kisomo amsomee jirani asiyejua. Maelezo yakiwa ya Kiingereza, kopo lipelekwe kwa mwalimu au zahanati kabla halijafunguliwa.