Trekta Ipi Imfaayo Mkulima?

Mkulima anunuapo trekta hununua uwezo wa kuvuta, wala si rangi na mapambo. Uwezo huo hupimika. Plau ikihitaji kani ya nyutoni 12,000 kwa mwendo wa mita 1.5 kwa sekunde, uwezo unaotakiwa ni wati 18,000, yaani karibu nguvu za farasi 24. Kwa kuwa magurudumu huteleza na gia hula sehemu ya nguvu, injini ya farasi 50 yatosha.

Trekta ya bei kubwa huvuta kwa magurudumu yote manne na huongozwa na vifaa vya elektroniki. Katika udongo wa mbuga uliolowa, magurudumu hayo yana faida ya kweli. Lakini kifaa cha elektroniki kikiharibika, fundi wa kijijini mwenye spana tu hawezi kukitengeneza. Hatari ya namna hii si ngeni: katika mpango wa karanga wa Kongwa, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, matrekta mengi yalilala kwa kukosa vipuri na mafundi. Na mvua haimngojei fundi; shamba lililochelewa kupandwa hupunguza mavuno.

Basi kabla ya kuuliza bei, mkulima na aulize: nani ataitengeneza, na vipuri viko wapi?