Utungo wa Risasi na Wahakiki Wake

Mchezo wa kompyuta uitwao BioShock Infinite ulipotolewa tarehe 26 Machi 2013, wahakiki wa Marekani na Uingereza waliupokea kama ipokewavyo diwani ya malenga mkuu. Wastani wa alama ulizopewa ulipindukia 90 kati ya 100, maana huko kazi ya sanaa husahihishwa kama daftari la hesabu. Ukasifiwa kwa ujasiri wa kuusema ubaguzi wa rangi, kwa kuikabili dini iliyogeuzwa bendera, kwa msuko wake wenye mafundo. Sifa nyingine ulizistahiki. Hata hivyo, uhakiki uliozitoa ulikuwa uhakiki wa nusu kazi, na ile nusu iliyoachwa ndiyo iliyobeba kauli yenyewe.

Kwa asiyeujua: huu ni mchezo wa kufyatua risasi kwa nafsi ya kwanza. Mchezaji hauoni uso wa mhusika wake. Huiona mikono tu, na bunduki iliyotangulia mbele ya jicho. Mwaka ni 1912. Mhusika, Booker DeWitt, alikuwa miongoni mwa askari wa Wounded Knee, ambako mwaka 1890 jeshi la Marekani liliwaua mamia ya Walakota, wanawake na watoto wakiwamo. Baadaye akawa mtumishi wa Pinkerton, shirika lililokodiwa na matajiri kuvunja migomo. Sasa ana deni, na ili alifute hana budi kumleta binti aitwaye Elizabeth kutoka Columbia, mji uelewao mawinguni. Huko anatawala Comstock, aliyejitangaza nabii. Waasisi wa Marekani huombwa kama mawalii, na Weusi na Waayalandi humenyeka katika viwanda vya tajiri Fink.

Tukio lililosifiwa mno ni lile la bahati nasibu. Mchezaji huokota mpira wenye namba 77, naye hushinda. Zawadi yake ni kuwa wa kwanza kuwarushia mpira mwanamume Mzungu na mwanamke Mweusi waliofungwa jukwaani kwa kosa la kupendana. Awarushie wao au amrushie mwendesha shughuli? Wahakiki waliandika kurasa juu ya uzito wa uamuzi huo. Lakini achague alichochagua, mkono wake hudakwa kabla mpira haujatoka, na nukta chache baadaye uso wa askari unasagwa kwa kulabu ya chuma izungukayo. Tangu hapo jozi ile jukwaani ni kama imesahauliwa. Kinachobakia ni kuua, saa baada ya saa.

Walikuwapo waliolalamika kwamba damu ni nyingi, na kwamba inawazuia watu wastaarabu wasiifikie hadithi nzuri. Lalamiko hili ni la ajabu kuliko sifa. Ni kama mtu aisifie tarbia maana yake, kisha asikitike kwamba vina vinamsumbua. Apendaye ushairi hana haja ya kufunzwa kwamba bahari ya utungo si gunia la kutilia maneno: mizani huamua neno lipi lipite na lipi likatwe, na kituo huivuta beti nzima kuelekea kwake. Katika utungo huu bunduki ndiyo bahari. Kila kisemwacho hupimwa kwa mizani yake, na kisichoingia hukatwa.

Fikra hii haikuwa ngeni kwao. Mwaka 2007, BioShock ya kwanza ilipotoka, Clint Hocking, naye mbunifu wa michezo, alionyesha kwamba kanuni za mchezo ule zilimpa mchezaji hiari ya kujinufaisha au kutojinufaisha, ilhali hadithi ilimlazimisha kumtumikia mtu mwingine bila hiari yoyote. Akaupa mgongano huo jina. Jina likashika, kisha likawa kichaka cha kujifichia: muhakiki akishataja mgongano wa hadithi na uchezaji, huona deni lake limelipwa, akarudi kwenye hadithi.

Basi tazama alivyofanywa Daisy Fitzroy. Ni mwanamke Mweusi, kiongozi wa waasi wa Vox Populi, Kilatini cha Sauti ya Umma. Kwa nusu ya kwanza dai lake ni la haki isiyohitaji wakili. Ghafla Booker na Elizabeth wanavuka kuingia ulimwengu pacha, ambako Booker alikwishakufa shujaa wa uasi. Daisy anamwona huyu aliye hai kuwa mlaghai, na waasi wote wanageuka shabaha. Anamuua Fink, anajipaka damu usoni, anamkamata mtoto, na Elizabeth anamchoma mkasi mgongoni. Booker anatamka kwamba baina ya Comstock na Fitzroy tofauti ni tahajia ya jina.

Sifa za mapokezi yale ya kwanza hazikusitishwa na kauli hii, na wapo walioiona kuwa ni mizani ya haki, ukomavu usiopendelea upande. Ukomavu gani huo? Mchezo wa risasi ukishawamaliza askari wa nabii unahitaji miili mipya ya kupigwa. Waliobaki mjini ni wanyonge, na mnyonge hawi shabaha mpaka kwanza afanywe katili. Uovu wa Daisy haukuchimbuka katika tabia yake wala katika historia ya watu wake. Bahari ndiyo iliyoudai, kama kina kidaivyo neno, na mtunzi akalitia lililomjia karibu.

Haki isemwe: katika wiki na miezi iliyofuata, waandishi kadhaa waliusema usawazishaji huo wa mtumwa na bwana kwa jina lake, na sauti yao ilisikika hadi kwa watunzi. Machi 2014, katika nyongeza iitwayo Burial at Sea, Ken Levine na wenzake wa Irrational Games waliirudia habari. Humo Daisy haonekani tena mwenye kiu ya damu ya mtoto. Pacha wawili wa Lutece wanamwambia kwamba lazima ajifanye kumtishia, ili Elizabeth amuue na kwa kuua awe mwanamke kamili. Daisy anasita, kisha anakubali. Hivyo alivuliwa uovu, na papo hapo akavuliwa uasi wake: kifo chake sasa ni somo la kumkuza binti wa Kizungu.

Alama za 2013 zimebaki pale pale.