Mtoto Asiye na Rejista: Elimu ya Nyumbani Katika Meru na Embu

Elimu ya nyumbani, yaani utaratibu ambao mzazi au mlezi anabeba mwenyewe jukumu la kumfundisha mtoto masomo ya msingi badala ya kumwandikisha shuleni, ni jambo linaloweza kuonekana dogo katika kaunti za Meru na Embu, ambako shule za msingi zimetapakaa kuanzia mashamba ya chai kwenye miteremko ya Mlima Kenya hadi nyanda kame za Mbeere, na ambako mzazi huuza ng'ombe au hukopa katika chama cha ushirika ili mtoto asirudishwe nyumbani kwa kukosa karo. Familia zilizochagua njia hii ni chache, lakini swali zinaloliibua linamgusa kila mtoto wa Kenya: dola inapomhakikishia mtoto haki ya elimu, inamhakikishia kujifunza, au inamhakikishia kuhudhuria tu?

Sheria imelijibu swali hilo kwa upande wa mahudhurio. Ibara ya 53 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na kifungu cha 30 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinamtaka kila mzazi ahakikishe kwamba mtoto wake anahudhuria kwa ukawaida shule au taasisi nyingine iliyoidhinishwa na Waziri, huku mzazi anayekaidi bila sababu ya maana akikabiliwa na faini au kifungo. Mwaka 2019 mzazi mmoja katika Kaunti ya Kakamega alitiwa mbaroni kwa kuwafundisha watoto wake nyumbani, na shauri la kikatiba lililofuata, ambamo wazazi walidai kwamba sheria hiyo inabana uhuru wao wa dini na haki yao ya kuchagua elimu ya watoto wao, lilitupiliwa mbali na Mahakama Kuu mwaka 2021. Wazazi wa msimamo huo hupenda kutaja ibara ya 26 ya Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, inayompa mzazi haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu ya mwanawe. Ni kweli imo, ila ibara hiyohiyo, katika aya yake ya kwanza, inasema kwamba elimu ya msingi itakuwa ya lazima, na haiwezekani kwa uaminifu kuisoma nusu moja na kuiacha nyingine.

Ili mjadala usielee hewani, inafaa kuangalia jinsi wiki ya familia ya aina hii inavyoweza kupangwa katika eneo hili, kwa mfano wa jumla wa nyumba yenye watoto watatu wa umri tofauti, shamba dogo la kahawa na nyasi za nepia za kulisha ng'ombe mmoja. Jumatatu, baada ya ng'ombe kukamuliwa na maziwa kupelekwa barabarani, masomo huanza mwendo wa saa mbili na nusu kwa hesabu, kwa kuwa akili bado hazijachoka, kisha hufuatwa na kusoma kwa sauti, ambapo mtoto mkubwa humsikiliza yule wa kati, na mama hukaa na mdogo anayejifunza kuunganisha silabi. Saa sita mchana masomo ya daftari huwa yamekwisha. Watu wengi hushtuka wanaposikia hivyo, ingawa mshtuko huo hupungua mtu anapokumbuka kwamba katika darasa la wanafunzi hamsini dakika ambazo mwalimu humwangalia mtoto mmojammoja ni chache mno, wakati hapa mtoto husahihishwa papo hapo kabla kosa halijawa mazoea.

Jumanne na Jumatano, hasa msimu wa kuchuma, kahawa yenyewe hugeuka somo, na hapa ndipo njia hii inapoonyesha ubora wake. Mtoto anayechuma matunda mekundu, akayafikisha kiwandani na kuona yakipimwa, yakimenywa, yakichachushwa, yakioshwa na kuanikwa kwenye meza za waya, amepita katika baiolojia, kemia na biashara bila kubadilisha kitabu. Akipewa risiti ya kiwanda akokotoe kilo za msimu mzima na malipo yanayotarajiwa, anafanya hesabu yenye maana katika maisha ya nyumba yake. Mche wa Ruiru 11, aina iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 kwa sababu ya uwezo wake wa kustahimili ugonjwa wa chulebuni unaoozesha matunda mabichi, unaweza kumfunza urithi wa tabia za viumbe kuliko mchoro wowote ubaoni. Mtaala wa Umilisi, ambao ndio mfumo wa elimu ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019 kwa nia ya kupima kile mtoto anachoweza kutenda badala ya kile alichokariri, unataka mafunzo ya namna hiyohiyo, na umeutaja ushiriki wa wazazi kuwa mojawapo ya nguzo zake. Inasikitisha kwamba mfumo unaomtukuza mzazi kiasi hicho hauna nafasi ya kumwandika pale anapofanya kazi yote.

Alhamisi inaweza kuwa siku ya jiografia, na maeneo machache yana utajiri wa somo hili kama haya. Mstari wa ikweta unakatiza barabara kati ya mji wa Meru na Nkubu. Kusini, kwenye Mto Tana unaopakana na Mbeere, yamejipanga mabwawa ya umeme kuanzia Kindaruma la mwaka 1968 hadi Kiambere la mwaka 1988. Na huko Nchiru yapo makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Kimeru ambalo kwa vizazi vingi limekuwa likitunga na kusimamia sheria za jamii. Ijumaa hutengwa kwa maktaba, kwa kuwa Embu na Meru zina maktaba za umma, na kwa kukutana na familia nyingine ili watoto wacheze na kuimba pamoja. Mwisho wa wiki ni wa ibada, jambo ambalo si la pembeni, kwa sababu imani ni mojawapo ya sababu kuu zinazowafanya wazazi wachague njia hii.

Wiki hiyo ni nzuri, na uzuri wake usifiche gharama yake. Inamhitaji mtu mzima mmoja, ambaye mara nyingi ni mama, aache kazi ya mshahara au apunguze biashara yake ya sokoni, na inamtaka awe amesoma kiasi cha kutosha kufundisha sehemu za desimali leo na mfumo wa damu kesho. Mwaka 2020, serikali ilipofunga shule zote mwezi Machi kwa sababu ya Korona, na madarasa yote yakarudi Januari 2021 tu, ilidhihirika kwamba nyumba hazilingani: palipokuwa na vitabu, umeme na mzazi mwenye muda, mtoto alisonga mbele, na mahali pengine palipokosa vitu hivyo mtoto alipoteza mwaka mzima licha ya vipindi vya redio na televisheni. Aidha, familia zinazotumia mitaala ya kununuliwa kutoka Marekani au Uingereza hupata vitabu visivyo na Kiswahili wala historia ya Kenya, na mzazi asipojaza pengo hilo kwa makusudi, hulea mtoto anayejua marais wa Marekani ilhali hawezi kuandika barua ya Kiswahili kwa nyanya yake. Hilo ni kosa zito, kwa kuwa linamtenga mtoto na watu atakaoishi nao.

Ugumu mkubwa zaidi, hata hivyo, umejificha katika namna alama zinavyokusanywa. Katika Mtaala wa Umilisi, matokeo ya mwanafunzi anapomaliza Gredi ya 6 hayategemei karatasi ya siku ya mwisho peke yake: asilimia 60 hutokana na tathmini za shuleni, ambazo ni kazi na miradi ambayo mwalimu huisahihisha katika Gredi za 4, 5 na 6 na kuituma kwa Baraza la Kitaifa la Mitihani kupitia mtandao, na asilimia 40 tu hutokana na tathmini ya kitaifa iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2022. Alama hizo huendelea kumfuata, kwa kuwa matokeo ya Gredi ya 9 yana asilimia 20 kutoka Gredi ya 6 na asilimia 20 nyingine kutoka tathmini za Gredi za 7 na 8. Zamani mtoto aliyefundishwa nyumbani aliweza kujiandikisha katika kituo, akaketi mtihani mmoja na kuonyesha alichojua. Siku hizi, asiye na mwalimu wa kutuma alama zake tangu Gredi ya 4 hana njia ya kuzipata baadaye, hata awe hodari namna gani. Mageuzi yaliyokusudiwa kumwondolea mtoto hofu ya mtihani mmoja yamemfungia mlango yule aliye nje ya rejista, na hakuna dalili kwamba jambo hilo lilikusudiwa.

Pamoja na hayo, wanaotaka sheria ya mahudhurio iondolewe wanasahau ilitungwa kwa ajili ya nani. Katika Igembe, ambako miraa huchumwa alfajiri ili iwahi magari, na katika Mbeere, ambako muguka, ambao pia ni aina ya miraa, umekuwa zao la fedha, mvulana wa miaka kumi na miwili anaweza kupata malipo ya siku yanayomfanya aone darasa ni kupoteza wakati, na wapo watu wazima walio tayari kumwajiri. Chifu anayemkuta mtoto huyo shambani Jumanne asubuhi ana silaha muhimu, nayo ni sheria inayosema mahali pake ni shuleni. Machoni pa sheria hiyo, mtoto anayekokotoa risiti ya kahawa mezani kwa mama yake na yule anayefunga vibunda vya miraa kwa ujira ni kitu kimoja: wote hawapo shuleni. Kila hoja ya kumtetea wa kwanza ambayo haimlindi wa pili ni hoja pungufu, na makala haya yanaikataa.

Hofu ya wazazi nayo isidharauliwe. Meru haijasahau Julai 1991, wasichana 19 walipopoteza maisha katika Shule ya Upili ya Mtakatifu Kizito huko Tigania baada ya wavulana wa shule hiyo kuvamia bweni lao, na kila mkasa wa bweni unaotokea nchini huamsha kumbukumbu hiyo. Mzazi anayeamua kwamba mwanawe atalala nyumbani hastahili kuitwa mkaidi. Lakini nyumba pia ina siri zake, na historia ya eneo hili inaonyesha hivyo. Mwaka 1929 na baada yake, mzozo kati ya wamisionari na jamii za eneo la Mlima Kenya kuhusu ukeketaji uliwafanya wazazi wengi wawaondoe watoto wao katika shule za misheni, na kutokana nao zikachipuka shule huru zilizoenea kutoka Ukikuyu hadi Embu na Meru, ambazo nyingi zilifungwa na serikali ya kikoloni wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Ilikuwa harakati tukufu ya watu kujisomesha. Hata hivyo, kiini cha ugomvi kilikuwa mwili wa msichana, naye hakuulizwa. Ukeketaji ulipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 2011, lakini mizizi yake haijang'oka yote, na mwalimu wa darasa mara nyingi ndiye mtu wa kwanza asiye wa ukoo kugundua kwamba msichana fulani hajaonekana tangu likizo. Mtoto asiyetazamwa na mtu yeyote wa nje amekosa ulinzi huo, hata kama wazazi wake ni wema.

Nchi nyingine zimejibu kwa njia tofauti. Ujerumani imeikataza elimu ya nyumbani karibu kabisa, na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliiunga mkono mwaka 2006; Afrika Kusini imeitambua tangu Sheria ya Shule ya mwaka 1996 kwa sharti la kuandikishwa, na marekebisho yaliyotiwa saini Septemba 2024 yameongeza usimamizi. Mfano wa Afrika Kusini ndio unaolingana na hali ya Kenya, kwa kuwa unamruhusu mzazi afundishe bila kumruhusu amfiche mtoto.

Njia hiyo haihitaji Bunge lianze upya. Maneno ya kifungu cha 30, yanayotaja taasisi nyingine iliyoidhinishwa na Waziri, yanampa Waziri wa Elimu nafasi ya kutunga kanuni zinazoitambua familia iliyosajiliwa na kuunganishwa na shule ya umma iliyo jirani. Pakionekana kwamba maneno hayo hayatoshi, marekebisho ya sentensi moja yatatosha. Bodi za Elimu za Kaunti, zilizoundwa na sheria hiyohiyo, ziweke rejista ya familia hizo. Shule jirani ipokee kazi za mtoto, imfanyie tathmini zilezile za Gredi ya 4 na kuendelea, na imfungulie maabara na uwanja wa michezo. Kiswahili na historia ya nchi viwe sharti kwa kila mtaala, uwe wa kununuliwa au wa hapa. Na ofisa wa elimu aitembelee nyumba kila muhula na kuzungumza na mtoto mwenyewe, bila mzazi kujibu kwa niaba yake. Meru na Embu, zenye chuo kikuu kila moja na wakazi wanaojua bei ya kukosa elimu, zinafaa kuwa mahali pa kulijaribu jambo hili kwanza. Mzazi atakayeyakubali masharti hayo aachwe afundishe kwa amani bila kuogopa kubishiwa hodi na polisi. Atakayeyakataa, mtoto wake aandikishwe shuleni muhula unaofuata.