Usifunike harufu, fungua ndani



Leo nasema na wewe unayenunua kompyuta, redio na spika za mtumba, na zaidi sana wewe unayeziuza. Sipingi mtumba. Umewapa vijana wetu laptopu za ex-UK za kusomea, na kwaya nyingi zinaimba kwa amplifaya ambazo zikiwa mpya hatungeziweza. Ninachopinga ni ile chupa ya manukato.

Kitu kimetoka kwa nyumba ya mvutaji sigara, kinanuka. Muuzaji anakipangusa juu juu, anakipulizia manukato, anakipiga picha na kuandika kwenye grupu: “Safi kabisa, kama mpya.” Mama anakinunua. Wiki moja baadaye kompyuta inawaka sebuleni, joto linapanda, feni inazunguka, na harufu yote inarudi.

Inarudi kwa sababu moshi haukubaki nje. Feni huvuta hewa ya chumba kila saa kompyuta ikiwaka. Moshi uliingia na hewa hiyo, na lami na nikotini zikaganda ndani kama utando wa rangi ya chai. Utando huo unanata. Vumbi likipita linashikwa, mpaka njia za hewa zinazibwa, mashine inachemka na kujizima.

Na si harufu peke yake. Mwaka 2010 watafiti wa Lawrence Berkeley National Laboratory kule Marekani walionyesha kwamba nikotini iliyoshika kwenye vitu vya nyumbani inaweza kuungana na asidi ya naitrasi iliyo hewani na kutengeneza kemikali zinazohusishwa na saratani. Sasa niambie, ni nani pale nyumbani anayeshika kila kitu kisha anatia vidole mdomoni? Ni mtoto anayetambaa. Sheria yetu ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuvuta sigara mahali pa umma, lakini haifiki ndani ya kompyuta unayomletea mtoto huyo.

Basi fungua. Chomoa umeme, toa betri. Vaa glavu na barakoa, fungua madirisha. Piga picha kila hatua ili ujue skrubu gani ilitoka wapi. Vifuniko vya plastiki visivyo na waya, vioshe kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha uviache vikauke kabisa. Bodi ya ndani usiiguse na maji. Tumia brashi laini na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, mbali na jiko na moto wowote. Feni ishike kwa kidole isizunguke unapoipuliza vumbi. Ikiwa imeoza kwa lami, nunua nyingine. Ukitoa kipoza joto, futa ile krimu kuukuu na upake mpya. Kioo cha skrini kipanguse kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo tu, bila alkoholi. Sponji na vitambaa vya spika hunywa moshi, na mara nyingi dawa yake ni kubadilisha.

Lakini maikrowevu, televisheni zile kubwa za zamani na kisanduku cha umeme cha kompyuta, hivyo mwachie fundi. Hubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa.

Wengine watasema, “Pasta, kazi yote hiyo kwa kompyuta ya mtumba?” Ndiyo. Soma Walawi 14. Nyumba ikionekana na pigo ukutani, kuhani hakuagizwa kuifukizia ubani ili inukie vizuri. Mawe yenye pigo yaling’olewa, kuta zikakwanguliwa, kifusi kikatupwa nje ya mji. Na hata baada ya hapo kuhani alirudi kukagua kama pigo limeenea tena. Kama haliondoki, nyumba ilibomolewa. Hapo hakuna njia ya mkato.

Wewe nawe ukimaliza, washa mashine ifanye kazi mpaka ipate joto, kisha uinuse. Kama bado, rudi ndani. Na kama haiwezekani, sema hivyo.

Hapa ndipo nataka tuelewane, muuzaji mpendwa. Kusema “hii ilitoka kwa nyumba ya mvutaji, nimeifungua, nimeisafisha, feni nimebadilisha” hakukupunguzii heshima. Huenda ukapoteza shilingi mia chache. Lakini yule mama mwenye mtoto wa pumu atakuwa amepewa nafasi ya kuamua, na hiyo ni haki yake, si fadhili yako. Kumnyima habari hiyo ili pesa iingie haraka ni kumdanganya, hata kama hukutamka uongo hata mmoja.

Na tusimdharau aliyevuta. Wengine wetu tuna baba na kaka wanaopigana na sigara hadi leo. Kitu chake kinaweza kusafishwa na kutumika miaka mingi. Tunachokataa ni kukificha kilichomo ndani.

Kabla hujapiga picha ya kuuza leo, shika skrubudrava kwanza.