Fupanyonga Halipimwi kwa Macho

Mama mjamzito afikapo kliniki kwa mara ya kwanza hupimwa kimo, na aghalabu akiwa chini ya sentimita 150 huhesabiwa kuwa katika hatari. Desturi hiyo haina ubaya. Kwa wastani njia ya uzazi ya mama mfupi huwa nyembamba zaidi, na ni haki ajifungulie mahali penye chumba cha upasuaji. Ubaya huanza pale dalili inapogeuzwa kuwa hukumu, mama akaambiwa kwamba nyonga yake ni ndogo, hawezi kuzaa ila kwa kisu. Mwenzake mrefu, mwenye nyonga pana, huambiwa na majirani kwamba hana la kuogopa, hata akibaki nyumbani. Kauli zote mbili hazina msingi katika anatomia.

Upana unaoonekana kwa nje ni wa nyama, mafuta na mabawa ya mfupa. Njia ya mtoto imo ndani, wala haikunyooka kama bomba. Katika fupanyonga la kawaida la kike, mlango wa juu una upana wa sentimita 13 hivi kutoka ubavu hadi ubavu, lakini 11 tu kutoka mbele hadi nyuma. Mlango wa chini ni kinyume chake. Kwa hiyo mtoto huingia akitazama ubavuni mwa mama, kisha kichwa huzunguka kadiri kinavyoshuka, mpaka uso uelekee mgongo wa mama. Kichwa kilichoinama vyema, kidevu kikigusa kifua, hupita kwa kipenyo cha sentimita 9.5 hivi. Kichwa hicho hicho kikitanguliza paji la uso hudai zaidi ya 13. Ndiyo sababu mama aliyemzaa mtoto wa kwanza kwa wepesi aweza kukwama kwa wa pili, na fupanyonga ni lile lile.

Tena, mifupa ya fuvu la mtoto haijaungana, nayo hupandana kidogo njiani. Viungo vya fupanyonga la mama hulegea wakati wa mimba, na kuchuchumaa huongeza nafasi ya mlango wa chini. (Wakunga wa jadi waliomchuchumaza mzazi hawakuwa wajinga katika hili.)

Mwaka 1933 Caldwell na Moloy wa New York waliyagawa mafupanyonga ya kike katika aina nne, na kwa miaka mingi eksirei ilitumika kuyapima. Mafupanyonga mengi hayakukubali kukaa katika aina moja tu. Ama eksirei, majaribio ya kulinganisha yalionyesha kwamba waliopimwa nayo walipasuliwa zaidi, pasipo ushahidi kwamba watoto wao walinufaika.

Kipimo cha kuaminika zaidi ni uchungu wenyewe, ukiangaliwa kwa makini. Mwaka 1972 Philpott na Castle, waliofanya kazi katika mji ambao leo ni Harare, walieleza chati yenye mistari ya kumwonyesha mkunga ni lini mama apelekwe hospitali. Shirika la Afya Duniani liliieneza patografu, na mwongozo wake wa mwaka 2020 haudai tena kwamba mlango wa kizazi wa kila mama ufunguke sentimita moja kwa kila saa.

Wapo ambao uamuzi wao hautakiwi kungoja uchungu, kama mama ambaye fupanyonga lake lilipindwa na matege au lilivunjika vibaya ajalini. Binti wa miaka 14 naye ahitaji uangalizi wa pekee, kwani fupanyonga lake bado linakua.

Anayekwama bila msaada huweza kupasuka mji wa mimba, au kichwa cha mtoto kikakandamiza kibofu hadi nyama zife, akabaki na fistula na kuvuja mkojo. Lakini aliyepasuliwa pasipo haja naye huenda na kovu ambalo katika mimba ijayo laweza kuachia akiwa mbali na daktari. Kwa hiyo naona kadi ya mama mfupi iandikwe wazi: aanze uchungu hospitalini, chati ijazwe tangu mwanzo, na chumba cha upasuaji kiwe tayari. Na mama mrefu aliye zahanati ajaziwe chati ile ile, gari la wagonjwa likijulikana liko wapi.