Goma: Mikwaruzo ya gari isikatwe kwenye mshahara wa shofere

Katika mji wa Goma, jimbo la Kivu ya Kaskazini, mwenye gari akiona mikwaruzo kwenye rangi hutafuta kwanza mtu wa kulaumu. Shofere anakatwa mshahara, ama kijana aliyeosha gari anafukuzwa bila malipo. Kisha gari linapelekwa kupigwa rangi upya. Mara nyingi haya yote hayana lazima.

Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano. Nyiragongo ililipuka mwaka 2002, tena tarehe 22 Mei 2021. Mawe hayo yakisagwa na magurudumu yanakuwa vumbi jeusi lenye ncha kali. Kitambaa kikavu kikipitishwa juu ya vumbi hilo, kinafanya kazi ya msasa. Ndiyo maana jua likipiga, mlango wa gari jeusi huonyesha mistari midogo ya kuzunguka kama utando wa buibui.

Mistari hiyo kwa kawaida iko ndani ya verni tu, yaani tabaka la juu lisilo na rangi. Kipimo ni rahisi: gari likiisha kuoshwa, ukucha upitishwe juu ya mkwaruzo. Usiponasa, kazi inaweza kufanyiwa nyumbani. Ukinasa, mkwaruzo ni mrefu kwenda chini. Bati likionekana, aitwe fundi wa rangi mapema, kwani mvua za Goma hazitakawia kuleta kutu.

Kwa mikwaruzo midogo, gari lioshwe vizuri na likaushwe, liwe kivulini na bati likiwa baridi. Polishi laini kidogo iwekwe kwenye kitambaa safi na kulainisha sehemu ndogo, kama upana wa viganja viwili. Ifutwe, itazamwe kwenye mwanga, ndipo kuendelea. Dawa kali isitangulie. Mwisho inapakwa nta. Nta hailindi milele na haiondoi mkwaruzo, inaufunika tu. Dawa ya meno inaweza kupunguza alama ndogo sana, lakini si ya kusugulia gari zima.

Wengine wanasugua kila mwezi ili gari ling'are. Hapo wanajidanganya. Verni mara nyingi ni nyembamba kuliko unywele wa mtu, na kila kusugua kunaila. Ikiisha, hairudi, na rangi inabaki wazi kwa jua. Kwa hiyo dawa ya kweli ni namna ya kuosha: kumwaga maji kwanza ili vumbi litoke, kuanza juu na kumalizia chini, na kutumia ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa. Kitambaa kikianguka chini kisirudishwe kwenye gari.

Kuna watakaosema ndoo mbili ni anasa mahali ambapo familia zinachota maji kwa bidoni. Neno hilo lina uzito. Lakini ndoo ya pili haihitaji kujaa, na maji yake machafu yanaweza kumalizia magurudumu. Bei ya maji hayo haifiki hata karibu na ile ya kupiga rangi mlango mmoja.

Mwenye gari anayetoa ndoo moja na kitambaa kimoja kilichochakaa, kisha anataka gari lirudi bila alama, amejinunulia mikwaruzo mwenyewe. Haki ni kumpa kijana vifaa vya kazi kabla ya kumdai. Na kwa shofere, wawili hao wazunguke gari pamoja asubuhi kabla ya funguo kutolewa, waandike kila alama iliyopo. Dakika tano hizo zitalinda mshahara wa mmoja na mali ya mwingine.